Sarara ya Mrithi

*Kisiwani, siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwaka wa Bwana 1394*

Kaka yangu Melaghlin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwa Mac Raghan, na kwamba huko mtu aliyewekwa rehani analishwa vizuri kuliko tunavyowalisha wa kwetu. Sisi hatujambo. Yaya wetu Mama Una goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Jana kamtukana mwashi mpaka mwashi akasahau ngazi yake. Ng'ombe wamepanda malisho ya juu na wasichana wote wamekwenda nao kutengeneza siagi, isipokuwa mimi. Baba yako mlezi, mzee Taichlech, anakusalimu. Anasema usimfunge Mac Raghan kwenye sataranji kila siku. Mwachie mara mojamoja, maana amani yetu na yake umeishika wewe mwilini mwako.

Sasa la kukuambia. Sipo tena kwa watawa. Ami alituma mashua kunichukua katikati ya masomo, Mama Mkuu akanuna, kwa sababu Kilatini changu kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kusimama. Ami anataka nikae nyuma ya kiti chake anapopokea watu. Mimi, kaka, ambaye mgeni akinisalimia shingo yote inawaka! Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema, "Mtu anayejua kunyamaza ni adimu nyumba hii."

Usiniulize zaidi ya hapo.

Mdogo wako, Derbail

*Siku hiyohiyo. Hii siitumi.*

Kaka, naiandika kwa sababu Mama Mkuu alitufundisha kwamba jambo lisiloungamwa linaoza ndani ya mtu, na padri wa hapa ni rafiki wa Conn, mwana wa ami. Nikimaliza nitaikunja niishonee ndani ya mto wangu.

Ami haoni.

Anaona mwanga wa mlango, anaona kivuli cha mtu, lakini uso haupo. Niligundua siku ya kwanza. Nilisimama mbele yake pale, karibu kama ulivyo ubao huu na mkono wangu, akamwuliza mtumishi, "Derbail bado hajafika?" Nikasema, "Ndimi huyu, ami." Akamfukuza mtumishi. Kisha akacheka kicheko kibaya, akasema, "Basi na wewe umeshajua. Leta mkono." Akanishikisha kengele ya mtakatifu wetu, ile ya shaba iliyopasuka, nikaapa.

Sasa kazi yangu ndiyo hiyo. Mtu akiingia ninagusa bega la ami la kushoto kama ni wa kwetu, la kulia kama ni mgeni, halafu ninanong'ona jina. Watu wanafikiri ninamkunia mgongo.

Sheria yetu unaijua. Anayeitwa O Fiachan tu, bila jina la mbele, yaani mkuu wa ukoo, lazima awe mzima mwili mzima. Kasoro moja ikionekana, anavuliwa jina. Ndiyo maana babu zetu waliogombea jina hawakuuana kila mara. Walitoboana macho, ikatosha. Ami hakutobolewa na mtu. Ukungu ulianza jicho moja ukahamia la pili.

Na mrithi ni wewe. Nikikuambia, jina ni lako. Ila nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu mzee aliyetulea tangu baba azame ziwani. Nisipokuambia, ninamdanganya kaka yangu wa tumbo moja. Na Conn siku hizi anazungukazunguka kile kiti kama paka aliyesikia harufu ya samaki.

Ninaogopa, hata sijui ninamwogopa nani zaidi.

*Kwa Mac Raghan, wiki ya kwanza ya mavuno*

Marahaba, mdogo wangu,

Barua imefika, ameileta Bruda Gelas na miguu yake inayonuka. Mimi mzima. Chakula kizuri, kitanda kizuri, mlango unafungwa kwa nje. Mac Raghan ana mabinti wengi na wote wanaimba, ndiyo adhabu yangu. Msalimie Mama Una, mwambie goti alipake mafuta ya bata bukini, ulimi aupake asali.

Sasa wewe. Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya pipa la siagi wageni wakija, leo unakaa nyuma ya kiti cha O Fiachan mbele ya wakuu wa nchi nzima? Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Nimesikia ami hakwenda kwenye mbio za farasi mwaka huu. Mtu yule! Aliyepanda akiwa na mkono uliovunjika, aliyewahi kupitisha ng'ombe wa watu usiku kwenye bwawa la matope bila kupoteza hata ndama. Amekaa nyumbani? Na tangu nije huku hajaniandikia neno, wewe ndiye unayeandika. Mwandiko ni wako, Derbail, lakini maneno yamesimama wima mno, kama watoto walioambiwa mgeni yupo. Nani anasimama nyuma yako ukiandika?

Yu mgonjwa? Niambie. Mimi ni mrithi wake, si mpita njia.

Na usisahau baba. Babu alipokufa, baba na ami wote wawili walitazamiwa kupewa jina. Wiki ileile ambayo wazee wangekutana, baba akazama siku ya ziwa tulivu, mtu aliyeogelea kama samaki. Sisemi kitu. Nasema tu usisahau.

Melaghlin

*Kisiwani, baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria*

Kaka yangu Melaghlin,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imelaza nusu ya shayiri. Mama Una amepaka mafuta ya bata gotini, na asali ameila.

Ami mzima. Anakula, anagomba, anamwambia mpiga kinubi kwamba amesikia paka wakipigana kwa sauti tamu kuliko hiyo. Kwenye mbio hakwenda kwa sababu mgongo ulimbana. Hakuna anayesimama nyuma yangu ninapoandika. Mimi ndiye ninayesimama nyuma ya watu.

Na mimi nina langu la kuuliza. Nta ya barua yako ilikuwa imekatwa kwa kisu chembamba ikayeyushwa tena. Bruda Gelas anaapa hakuigusa. Sasa nitajuaje kwamba hii iliyonifikia ni ile uliyoiandika? Yale ya baba hujawahi kuyasema kwa mdomo wako, na ghafla unayaandika ukiwa nyumba ya adui wetu wa jana. Basi nijibu hili. Tulipokuwa wadogo, uji wangu wa asubuhi niliokuwa siutaki, nilikuwa nampa nani Mama Una asijue? Hilo analijua Melaghlin peke yake.

Ukikosea sitaandika tena.

Derbail

*Kwa Mac Raghan, siku chache baada ya Mtakatifu Mikaeli*

Marahaba, wewe mtoto mwenye shuku kuliko mwamuzi,

Ulikuwa unampa bata bukini mmoja mwenye jicho moja baya, ukamwita Askofu. Akanenepa mpaka Mama Una akamchinja kwa sikukuu, na wewe ukakataa kula, ukaketi chini ya meza ukimwombea kwa Kilatini cha kubuni. Umeridhika?

Mac Raghan ananipenda sana siku hizi. Amenipa farasi wa kijivu. Mlango haufungwi tena. Tunakaa naye baada ya chakula, ananiuliza habari za kwetu, malisho gani yana majani, nani anamkasirikia nani. Simjibu yote.

Mgongo, umesema. Ami kabanwa mgongo. Huyu ndiye mtu aliyeketi juu ya farasi na mshale kiunoni mpaka nyumbani. Haya.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ikifika, atagawa nyama kwa mkono wake kama kila mwaka? Niandikie alivyogawa. Nataka kujua kama sarara ya mrithi, ile nyama ya kiunoni, imewekwa mahali pangu.

M.

*Kisiwani, siku ya nne baada ya Watakatifu Wote*

Kaka yangu Melaghlin,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama Una mzima. Ng'ombe wameshuka kutoka malisho ya juu, wamenona.

Najua habari za karamu zitakufikia kabla yangu, na zitakuwa zimekua njiani. Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa.

Ami aligawa mwenyewe. Paja kwa mshairi, kichwa kwa mhunzi, kidari kwa mwamuzi, kila mtu kipande chake cha tangu enzi. Sehemu yako alikuwa aipokee mzee Taichlech kwa niaba yako, kama inavyompasa baba mlezi. Lakini mzee alitoka nje kidogo, unajua kibofu chake, na Conn akasogea akaketi mahali pake. Polepole tu, kama mtu anayetafuta moto. Ami akainua sarara akasema kwa sauti kubwa, "Hii ya mrithi. Chukua, na ukoo uone." Conn akaichukua.

Hakuna aliyegusa kipande chake. Kisha Conn akaanza kula.

Ami alikosea, kaka. Ni kosa tu. Hakukusudia kukuvua urithi. Nakuomba uniamini bila kuniuliza zaidi.

Mzee Taichlech aliporudi alikuta mfupa.

Derbail

*Kwa Mac Raghan, kabla ya Mtakatifu Martini*

Derbail,

Habari zimefika kabla yako, kweli, na zilikuwa fupi kuliko zako.

Mtu amegawa nyama tangu mimi ni mtoto. Anamjua kila mtu kwa kikohozi chake. Siku hiyo moja anakosea, na anakosea kwa mwanawe, na anasema kwa sauti kubwa "ukoo uone." Unataka niamini.

Sasa nimeelewa kwa nini ulitolewa kwa watawa. Walitaka mwandiko wako unilaze usingizi.

Mac Raghan amenifungulia. Ananipa wapanda farasi na askari wake wa mashoka. Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Brigida nitakuwa kwenye ukingo wa ziwa. Toka kisiwani. Rudi kwa watawa, na umchukue Mama Una. Sitaki mkutwe mle ndani.

Kama kuna neno ulilolificha, huu ndio mwisho wa kulificha.

Melaghlin O Fiachan

*Kisiwani, siku ya Mtakatifu Nikolasi*

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho hukuandika marahaba. Niliitafuta mpaka nyuma ya ngozi uliyoandikia.

Hii nimeiandika kwa Kilatini. Chako ni kibovu, lakini kitatosha, na wengi wa wanaokata nta za watu hapa kwetu hawana hata kibovu.

Nilikwenda kwa ami. Alikuwa amekaa kwenye zizi dogo, mahali anapopenda siku hizi kwa sababu ng'ombe hawamwulizi kitu. Nikasema, "Ami, ni mimi." Akasema, "Najua. Wewe unatembea kama mtu anayeomba radhi kwa sakafu."

Nikamsomea barua yako yote. Alisikiliza huku anamkuna ndama.

"Amekuwa mtu mzima," akasema. "Anakuja na mashoka."

"Ami, nataka kumwambia."

"Uliapa juu ya kengele."

"Niliapa."

"Ukimwambia, mimi nimekwisha."

"Nisipomwambia?"

Ndama akamlamba mkono. Halafu akanigeukia, si usoni, pembeni kidogo, kama anavyofanya. "Sasa niambie wewe. Siku ya karamu. Conn alipokaa mahali pa Taichlech, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mkono wako haukunigusa. Mdomo wako haukusema. Conn alikupa nini?"

Kaka, miezi yote ile ninaketi nyuma yake, na yeye alikuwa akinihesabu miongoni mwa watu wa Conn! Nikamwambia ukweli, nao ni wa aibu kuliko kuhongwa. Conn alipoketi alinitazama. Tu. Alinitazama akatabasamu, kama anayesema, *haya, sema sasa, tukusikie.* Na watu wote walikuwa kimya wakingoja nyama. Mkono wangu ukawa mzito, sauti ikakataa. Mbele ya watu wale wote, sauti ilikataa kabisa. Sarara yako iliondoka kwa sababu mimi ni mwoga wa kutazamwa.

Nilitegemea ami anipige. Akasema, "Na mimi nina siku yangu kama hiyo." Akanieleza, nami nakuandikia alivyosema, bila kuongeza. Siku baba alipozama, ami alikuwa ng'ambo, ukingoni. Mashua ilipinduka, baba nguo nzito zikamvuta. "Wakati ule nilikuwa na macho," akasema. "Nilimwona vizuri sana. Niliruka. Lakini nilichelewa kuruka." Nikamwuliza kwa nini alichelewa. Akasema, "Ndilo ninalomwuliza Mungu, nikiomba nisijibiwe."

Sijui nifanye nini na maneno hayo. Nakupa nawe uyabebe upande mmoja.

Basi sikia. Ami haoni. Tangu kabla ya masika haoni uso wa mtu. Mimi ndiye macho yake, ndiyo maana nikatolewa kwa watawa. Conn amekisia, akaketi mahali pale kujaribu, na amepata jibu. Ami hakumpa Conn urithi wako. Alikupa wewe, mkono wa Conn ukaingia katikati.

Kwa hiyo huhitaji mashoka ya mtu. Kwa sheria jina tayari linamwacha. Ukija na Mac Raghan, utakuwa O Fiachan wa Mac Raghan, na malisho yetu ya juu yatakuwa na ng'ombe wake kabla majani hayajaota. Njoo peke yako. Ami amekubali: atashuka mwenyewe mbele ya ukoo, kwenye jiwe la kutawazia, aliache jina.

Najua unavyofikiri sasa. Unafikiri barua hii ni nzuri mno, na kwamba Conn amekaa ukingoni na upinde akikungoja. Ningekuwa wewe ningefikiri hivyo. Nilimwambia ami hutaamini. Akafungua sanduku la kanisa kwa ufunguo wake, akatoa kile kiatu, kiatu cha kushoto alichovishwa juu ya jiwe siku alipopewa jina, ambacho hakijatoka kanisani tangu siku hiyo. Bruda Gelas anakibeba chini ya kanzu. Bila kiatu hicho hakuna anayeweza kutawazwa, si wewe, si Conn. Kiko mikononi mwako.

Kama ninadanganya, kitupe mtoni, na ukoo wetu ubaki bila mkuu mpaka Kiyama.

Derbail, aliyevunja kiapo

*Kisiwani, siku ya tatu baada ya Epifania*

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu. Ziwa limeganda pembeni. Bruda Gelas hajarudi, wala kiatu, wala wewe. Ami ananiuliza kila asubuhi, "Kuna mtu ukingoni?" Namwambia hakuna. Jana aliniuliza kama kweli nilikituma au nilimpa Conn.

Na mimi nakuuliza, kama kiatu kiko mkononi mwako au mkononi mwa Mac Raghan.

Mtu yeyote akikupa barua hii, iwe na nta nzima au iliyokatwa, mwambie naye asome polepole. Sina kingine cha kuficha.

D.

*Kisiwani, Jumatatu baada ya Pasaka*

Derbail, mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Mama Una amegoma kuondoka kisiwani. Anasema ameshazika wakuu wawili na ana nafasi ya wa tatu. Ng'ombe wanazaa vizuri.

Umenikimbia siku ya kutawazwa. Nimesimama juu ya jiwe, watu wananipa fimbo nyeupe, wananiita jina mara tatu, nikageuka kukutafuta, nikaambiwa umepanda mashua na ami, yeye kwa watawa wanaume, wewe kwa watawa wako. Hata hukubaki kula.

Naandika kwa mkono wangu, kama unavyoona kwa madoa. Karani ninaye, lakini karani alikuwa wa ami, na kabla ya hapo alikuwa na urafiki na Conn.

Wazee wamechagua mrithi. Wamemchagua Conn. Wanasema ni kwa ajili ya amani, na labda ndivyo. Kwa hiyo jana, kwenye karamu ya Pasaka, niliikata sarara kwa kisu changu, macho yangu wazi kabisa, nikampa Conn, nikasema, "Hii ya mrithi, chukua, na ukoo uone." Akapiga goti akanibusu mkono. Midomo yake ilikuwa baridi. Mzee Taichlech alilia. Sijui kwa furaha au kwa nini.

Mac Raghan ametuma mtu kuulizia malisho ya juu. Kwa upole tu. Kwa ajili ya urafiki wetu.

Kila mtu ananisalimia akicheka. Macho yangu ni mazima, Derbail, na simwoni mtu. Rudi. Kaa nyuma ya kiti changu kama ulivyokaa kwa ami, uniguse bega, uniambie nani anasema kweli. Huna haja ya kusema mbele za watu. Mimi nitajua tu kwa mkono wako.

O Fiachan

*Kwa watawa, wiki ya pili baada ya Pasaka*

Kwa O Fiachan, niliyemjua alipokuwa na jina la mbele,

Shikamoo, kaka. Nimefurahi kusikia habari za Mama Una na ndama. Ami anakusalimu. Wamempa chumba karibu na jiko, anawafundisha watawa wanafunzi kuapiza. Anajua saa kwa harufu ya mkate. Nakwenda kumwona siku za Jumapili na kumsomea, na anasahihisha Kilatini changu ingawa hajui Kilatini.

Nikuambie kwa nini niliondoka bila kula.

Watu wanasema ulikuja peke yako. Ulikuja peke yako mpaka kwenye jiwe, ni kweli, kiatu mkononi. Lakini nyuma ya kilima kulikuwa na moshi. Niliuona. Nilikuwa nyuma ya ami kama kawaida, mkono wangu juu ya bega lake, na vidole vyangu vikambana. Ami hakuniuliza. Alivuta hewa kwa pua akasema taratibu, "Farasi wengi. Si wetu. Wetu hawali shayiri." Nikasema, "Ami, turudi, bado tunaweza." Akasema, "Aliniamini nusu. Mimi kwa baba yake sikufikisha hata nusu." Akaendelea kushuka, anapapasa njia kwa vidole vya miguu, akafika kwenye jiwe, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba haoni. Kisha akapiga magoti kwenye matope akakuvisha kile kiatu yeye mwenyewe, bila mtu kumwongoza mguu wako ulipo.

Wewe uliinua macho ukanitafuta. Ulitaka nikuoneshe kama ninakuamini. Sauti ilikataa tena, kaka. Kwa hiyo nilipanda mashua.

Sasa kuhusu kiti. Nimekaa nyuma ya mtu karibu mwaka mmoja. Nyuma ya kiti huoni uso wa anayekaa, unaona kisogo. Na yeye hakuoni kabisa. Ndiyo maana yeye akanishuku na mimi nikamshuku, tukiwa tumegusana. Conn alijua hilo. Ndiyo maana alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Nyuma sikai. Nitakuja, ila weka kigoda changu pembeni, upande wa mwanga, mahali ukigeuza shingo unaniona na Conn ananiona na kila mwenye shida ananiona. Mtu akisema uongo sitakugusa bega. Nitasema. Huenda ikanichukua muda, huenda shingo ikawaka mpaka masikio, nanyi mtangoja. Mwambie na mtu wa Mac Raghan aje siku hiyo. La malisho ya juu nataka nianze nalo.

Na siku ya karamu unigawie nyama kwa mkono wako. Paja ni la mshairi, kichwa cha mhunzi, kidari cha mwamuzi, sarara umeshampa Conn. Anayekaa pembeni akatazamwa hana kipande chake, hajawahi kuwapo. Itabidi ukitafute mwenyewe, ukiwa umenitazama.

Ukinijibu, anza na marahaba.

Derbail